Kabla hujawasha grainda: mambo ya kuzingatia kwa tunaofanyia kazi za vyuma nyumbani

Wengi wetu tunaopenda kazi za vyuma hapa Mbeya hatuishi kwa kazi hiyo. Mimi ni mwalimu. Mwenzangu mmoja ni dereva wa lori, mwingine muuguzi, na jirani yetu mzee ni mstaafu wa reli aliyeshika tupa kabla sijazaliwa. Tuna vibanda nyuma ya nyumba zetu, na Jumamosi ikifika kila mtu anajua mwenzake anatengeneza nini: geti, fremu ya banda la kuku, jiko la kuni, kisu cha springi ya lori. Fundi wa kulipwa ana saidia fundi, ana wateja na wapita njia wanaomwona. Sisi tunajifungia peke yetu. Ndiyo maana jambo la kwanza naliweka mbele ya miwani na glavu: awepo mtu anayejua kwamba leo unafanya kazi, na mtu huyo awe na ruhusa ya kukwambia "zima" bila wewe kununa.

Kwetu tumekubaliana hivi. Anayewasha mashine anatuma ujumbe: "Nawasha." Akimaliza anatuma: "Nimezima." Zikipita saa mbili za ukimya, anayekaa karibu anapiga simu, na simu isipopokelewa anakwenda kubisha hodi. Anayeingia kibandani hamshiki bega mtu anayekata chuma. Anasimama mlangoni anapoonekana, anangoja diski isimame kabisa, ndipo salamu zianze. Hata mzee wetu, ambaye hakuna kati yetu anayempita bila kumwamkia, shikamoo yake anaingojea mpaka mashine inyamaze.

Baada ya mtu, angalia hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu baridi yetu ndiyo inayotuponza. Juni na Julai hakuna anayetaka kufanya kazi mlango ukiwa wazi. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilikuwa nachomelea fremu ya banda kwa paipu za maji zilizopakwa zinki. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha. Moshi ulikuwa mweupe na mzito, na kando ya mshono ulibaki unga mweupe kama sembe. Mdomoni nikasikia ladha tamu ya ajabu, kama nimelamba sarafu. Nikaendelea mpaka nikamaliza. Saa nne usiku nikaanza kutetemeka, homa ikapanda, viungo vikauma, kifua kikabana. Mama watoto akasema ni malaria, nami nikaamini. Asubuhi nikaenda kupima, malaria haikuonekana.

Muuguzi wetu alipokuja kunijulia hali, swali lake lilikuwa moja tu.

"Pole, Mwalimu. Jana ulichomelea nini?"

"Paipu za banda."

"Zile za maji, zinazong'aa?"

"Ndizo."

"Na mlango?"

Nikanyamaza. Akatikisa kichwa, akaenda mwenyewe kibandani kufungua dirisha.

Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 1,500. Kwa hiyo kabla mshono haujashika, zinki imeshageuka mvuke na iko puani mwako. Homa yake huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukiona pumzi inakuwa nzito au homa haishuki, nenda hospitali na umwambie daktari ulichomelea nini, maana asipojua hilo atatafuta ugonjwa mwingine. Maziwa tunayoambiana tunywe kabla ya kazi hayazuii kitu, kwa sababu mvuke unakwenda kwenye mapafu na maziwa yanakwenda tumboni. Linalosaidia ni kuikwangua zinki sentimita tano hivi kila upande wa mshono, ukiwa nje na umevaa barakoa inayozuia vumbi laini. Kisha chomelea mlango ukiwa wazi, upepo ukupitie ubavuni, kichwa kikae pembeni ya moshi.

Hewa ina mitego mingine miwili. Wa kwanza ni jiko la mkaa tunaloliingiza ndani ili kuota moto. Kaboni monoksidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na mtu husinzia akidhani ni uchovu wa kazi. Anayefua chuma kwa mkaa afanye hivyo kwenye banda lisilo na kuta pande mbili, hata kama vidole vinakufa ganzi. Wa pili ni dawa za kupuliza za kusafishia breki. Baadhi zina klorini, na zikikutana na mwanga na joto la kuchomelea hutoa fosjini, gesi ile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chuma chenye grisi kioshe kwa maji na sabuni, kikaushe, ndipo ukichomelee.

Mavazi nayo yanaharibiwa na baridi. Mtu anakuja na jaketi zuri la mtumba, laini kama manyoya, analivaa kuchomelea. Nguo ya aina hiyo ni plastiki: cheche ikitua haiungui ikaisha, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vaa ovaroli ya pamba au koti la jinzi, na kama unahitaji sweta livae ndani. Suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani, na pindo lisikunjwe, maana pindo ni mfuko wa kudakia cheche. Kandambili hapana, hata kwa kazi ya dakika mbili. Skafu, pete, na kamba za kofia ya sweta vue kabla ya kusogelea drili au mashine yoyote inayozungusha. Glavu pia vua unapotoboa kwa drili ya mezani. Wengi wanashangaa nikisema hivyo, lakini ncha ya drili ikinasa uzi wa glavu inavuta mkono mzima, na mkono hauwahi kushinda mota.

Sasa diski ya grainda, chombo ninachokiogopa kuliko vyote kibandani. Siku moja nilimkuta dereva wetu ameshika grainda ndogo isiyo na kava.

"Kaka, kava iko wapi?"

"Nimeitoa, diski kubwa haikuwa inaingia."

Nilimwomba azime, tukakaa kwenye ndoo mbili tukapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Grainda yake inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski yake ndogo ya milimita 115 imeandikwa mwisho wake ni mizunguko 13,300, yaani ukingo wake uwe unakimbia mita 80 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 288 kwa saa. Diski ya milimita 230 aliyotaka kuifunga imeandikwa mizunguko 6,600 hivi. Kwenye ile grainda ndogo ukingo wake ungekimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na isingekaa nzima. Aliitazama ile namba chini kwa muda, akainuka akaitafuta kava chini ya benchi, akairudisha. Siku hizi yeye ndiye anayekagua kava kwenye vibanda vyetu kabla hata hajakaribishwa kiti.

Kwa hiyo soma diski kabla ya kuifunga. Linganisha mizunguko yake na ya mashine. Tazama kipete cha chuma cha katikati: humo kumepigwa chapa ya mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inayoshika chembe huchoka. Unyevu huiharakisha, na kwetu mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, basi diski zihifadhi ndani ya nyumba, zikiwa zimelala bapa. Iliyoanguka chini haitumiki tena na haikopeshwi. Ivunje kabisa, mwenzako asije akaiokota akadhani umeisahau. Diski ya kukatia usiitumie kusugulia kwa ubavu, na msumeno wa mbao usiufunge kwenye grainda hata kama umeona fundi wa mjini anafanya hivyo. Chomoa plagi unapobadilisha. Ukishaifunga, simama nje ya mstari wake, iache izunguke bure nusu dakika ndipo uiguse kwenye chuma. Kama ina ufa, heri ipasuke wakati huo.

Jiwe la kunolea la mezani lina kipimo chake cha kizamani, na mzee wetu ndiye aliyenifundisha. Kabla ya kulifunga unalining'iniza kwenye kidole, unaligonga taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama unagonga chungu kilichopasuka. Ukilisikia mara moja hutalisahau. Likishafungwa, kitako cha kuegemeza kazi kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, chuma kisije kikamezwa.

Umeme nitaupitia haraka. Wengi tunatumia mashine za kuchomelea za kusuka, yaani zile ambazo mafundi wa mtaani huzisuka nyaya wenyewe, nzuri na za bei nafuu, lakini hakikisha boksi lake lina waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Ekstensheni ikunjue yote, maana iliyozungushwa kwenye kibao hupata moto katikati. Baada ya dakika kumi ishike kwa mkono. Ikiwa na joto, ni nyembamba kwa kazi hiyo. Sakafu ikiwa na maji, simama juu ya ubao mkavu. Na umeme ukikatika, chomoa plagi kabla hujafanya lolote lingine. Grainda iliyoachwa swichi ikiwa imekazwa itaamka yenyewe umeme ukirudi, nayo iko kwenye meza, na mtoto amekuja kuchungulia.

Pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usilikate wala kulichomelea. Hata likiwa halinuki, hata likiwa limekaa mwaka mzima kwenye jua. Kilichobaki kwenye mishono yake kinatosha kulirusha bati hadi kwa jirani. Kwenye kundi letu hakuna mjadala juu ya hilo.

Jirani huyohuyo ana watoto, na watoto hupenda kutazama mwanga. Weka turubai au mabati upande wa uani, na uwaambie wazazi wao kwamba leo unachomelea. Kwa macho yako, kioo namba 10 au 11 kwenye kofia ya kuchomelea. Miwani ya jua haizuii kitu cha maana. Maumivu ya macho yaliyochomwa huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, kama mchanga chini ya kope. Hapo watu huleta vipande vya viazi na maziwa ya mama. Viazi vyetu vya Uyole ni vitamu, tuviache jikoni. Kaa gizani, usisugue, nenda kwa daktari. Chembe ya chuma ikiingia jichoni usiitoe mwenyewe, hata kwa sumaku. Ukiungua, weka maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 kamili, bila dawa ya meno wala yai. Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike kwa rangi ukutani, kubwa, kwa ajili ya atakayekukuta.

La mwisho lipange kabla hujaanza, kwa sababu ukichoka hutalipanga. Acha kazi nusu saa kabla ya muda unaotaka kuondoka. Cheche huruka mita kumi, hujificha kwenye maranda, kwenye gunia, kwenye ufa wa ubao, na moto wake huamka watu wamekwenda kula. Hiyo nusu saa kwetu ndiyo ya chai. Ndoo ya maji na ya mchanga zinakaa mlangoni, chupa ya chai juu ya fuawe, na hapo ndipo tunaonyeshana mishono na kuulizana kwa nini imetoboka. Mzee wetu haketi na sisi mara moja. Anapitisha kiganja juu ya benchi bila kuligusa, anainama chini ya meza, ananusa, anasogeza gunia kwa mguu na kutazama lilipokuwa. Kisha anavuta kigoda chake, anapokea kikombe, na kutwambia, "Haya, sasa tumeni hiyo nimezima yenu."