Somo: Kuweka GIMP na Inkscape kwenye Linux bila kumaliza bando

Aliyezoea Windows akihamia Linux huja na tabia yake: akitaka programu anaingia intaneti, anatafuta faili la setup, anapakua, anabofya mara mbili. Huku faili hilo la .exe halikusaidii. Programu za Linux hukaa kwenye ghala la mfumo wenyewe, huko mtandaoni, zimefungwa vifurushi, na yupo mtunza ghala wa kukuletea. Kwenye Ubuntu, Linux Mint na Debian mtunza ghala huyo anaitwa apt. (Nikisema kifurushi ni cha programu. Cha data nitakiita bando, tusije tukachanganyana.)

Leo tunaweka mbili: GIMP ya kuhariri picha, na Inkscape ya nembo, mabango na kadi. Mimi kadi za mchango wa harusi nazichora kwa Inkscape, na picha za maharusi nazisafisha kwanza kwa GIMP.

Hatua ya 1. Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, kisha andika:

`sudo apt update`

Utaombwa nywila yako, kwa kuwa sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ukiiandika huenda usione herufi wala nyota, na hapa ndipo wengi hudhani kibodi imekufa. Andika tu, bonyeza Enter. Amri hii haigusi programu yoyote, inaleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Ukiiruka, apt anaweza kufuata toleo lililokwisha kuondolewa, akakurudia na kosa la 404, yaani faili halipatikani.

Hatua ya 2.

`sudo apt install gimp inkscape`

Hapa usiwe na haraka. Umeomba vifurushi viwili, apt anakuorodheshea kibao. Si wizi. GIMP haitembei peke yake, inategemea maktaba (vipande vya msimbo vinavyoisaidia kufanya kazi) kama babl na gegl, na apt anazikusanya zote kwa mkupuo. Chini ya orodha kuna mstari unaotaja MB zitakazopakuliwa na nafasi itakayoliwa kwenye diski. Soma mstari huo, angalia salio la bando, ndipo ubonyeze Enter. Hujaridhika, andika n. Kwa sababu hii siwapendi wanaofundisha wageni kuongeza `-y` mwishoni mwa amri: inakubali kila kitu kabla hujaona gharama.

Mtandao ukikatika katikati, rudia amri ileile. Vilivyokwisha kushuka havishuki tena.

Hatua ya 3. Zitafute kwenye menyu, zimeshaingia. Ukitaka kujua toleo:

`gimp --version`

Ubuntu 24.04 itakupa 2.10.36. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, lakini ghala la Ubuntu 24.04 halikupanda nalo, kwa kuwa matoleo ya muda mrefu hushikilia programu zilezile ili mfumo usiyumbe. Anayeitaka kwa nguvu, na anatumia Mint, njia ni Flatpak, mfumo mwingine wa kuweka programu nje ya apt:

`flatpak install flathub org.gimp.GIMP`

Ila Flatpak huja na mazingira yake yote mgongoni, mamia ya MB. Mara ya kwanza niliifanya kwa bando la wiki, na wiki yangu ikaisha usiku uleule.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi inaniambia "Unable to locate package Gimp". Update nimefanya.

Herufi kubwa hiyo. Majina ya vifurushi ni herufi ndogo tupu: gimp.

Mkuu, inagoma: "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Kuna video inasema nifute hilo faili.

Usifute, ndugu yangu. Maana yake kuna mwingine yuko ghalani, mara nyingi ni masasisho yanayojiendesha kimyakimya ukishawasha mashine. Kanywe chai, urudi ujaribu tena. Ukivunja kufuli wakati mwenzako yumo ndani, vifurushi vinaweza kubaki nusunusu, na kuvitengeneza ni kazi kuliko kusubiri.

Kaka, ofisini tuna laptopu tatu, zote Mint ya toleo moja, bando ni langu mimi. Nipakue mara tatu?

Hapana. Kwenye mashine ambayo bado haijawekewa programu hizi, baada ya update, tumia apt-get, siyo apt, kwa sababu apt hufuta vifurushi akishamaliza kuviweka:

`sudo apt-get install -d gimp inkscape`

Hiyo -d inapakua bila kuweka. Nenda folda ya /var/cache/apt/archives, nakili mafaili yote ya .deb kwenye flashi. Kwenye laptopu nyingine yaweke kwenye folda moja, fungua teminali humo, andika:

`sudo apt install ./*.deb`

Tahadhari: apt-get ameleta tu vile ambavyo mashine ya kwanza haikuwa navyo. Nyingine ikikosa kitu cha ziada, atalalamika na kukitaja kwa jina, nawe utapakua hicho kimoja.

Natumia Fedora, apt haipo.

`sudo dnf install gimp inkscape`. Fedora ni Linux nyingine, na mtunza ghala wake ni dnf. Soma orodha vilevile, ila kukubali uandike y kabla ya Enter.

Mwalimu, nimetoa kadi kwa Inkscape, mchapaji anataka PDF ya CMYK. Naipata wapi?

Inkscape ya ghalani hutoa PDF ya RGB (rangi za skrini), na GIMP 2.10 nayo haina hali ya CMYK (rangi za wino wa kuchapia). Ongeza Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa:

`sudo apt install scribus`

Hifadhi kazi yako kama SVG, iingize Scribus, na unapotoa PDF chagua kwamba ni ya kuchapwa, siyo ya kutazamwa kwenye skrini. Lakini kwanza muulize mchapaji mashine yake. Wengi wenye printa za kidijitali hupokea RGB bila shida, mradi umwandae mteja kwamba ile bluu inayowaka kwenye skrini itapoa kidogo kwenye karatasi.