Jinsi ya Kuwaonyesha Vijana Mashindano ya Tenkaichi Budokai

Anayetaka kuwaonyesha vijana katuni ya Dragon Ball, iwe sebuleni kwake Arua au katika kibanda cha video pale Busia, asianzie kwenye mapigano ya angani ya miaka ya baadaye. Aanzie kwenye mashindano ya Tenkaichi Budokai, yaani mashindano ya mapigano ya ana kwa ana yanayofanyika ndani ya katuni hiyo, kwa sababu humo mtazamaji huona kwamba pigano linaweza kuamuliwa na akili au na unyayo mmoja uliogusa ardhi, wala si kwa nguvu peke yake. Sehemu 153 za kwanza zilirushwa Japani kati ya 1986 na 1989, na ndani yake mna mashindano matatu: ya 21, ya 22 na ya 23.

Kabla ya kuwasha, eleza kanuni polepole. Mpiganaji hushindwa akigusa ardhi nje ya ulingo, akilala chini mpaka mtangazaji amalize kuhesabu hadi kumi, au akikiri mwenyewe kwamba ameshindwa. Silaha haziruhusiwi, na anayemuua mpinzani huondolewa. Asiyejua kanuni ya kutoka nje ya ulingo hataelewa kwa nini Goku, shujaa wa katuni hii mwenye nguvu nyingi, anahangaika hivyo pembeni mwa jukwaa. Kisha chora kwenye daftari majina ya wanane walioingia robo fainali, kila kijana aandike anayemtabiria ushindi, na ratiba hiyo ibaki mezani ijazwe raundi baada ya raundi.

Katika mashindano ya 21, usimruke Nam, mmoja wa wapiganaji. Mtu huyu hakuja kutafuta sifa. Kijiji chake kimekumbwa na ukame, naye anataka zawadi ya zeni 500,000 (fedha ya katuni hiyo) ili akanunue maji. Kwa watoto waliowahi kusikia habari za Karamoja, eneo kame la Uganda, au kupanga foleni ya madumu kisimani, nusu fainali yake dhidi ya Goku ina uzito ambao hakuna maelezo yatakayouongeza, kwa hiyo waache watazame. Ukiwa wewe ndiye unayefasiri kwa Kiswahili kama wanavyofanya ma-VJ wa vibandani, nyamaza mtangazaji anapohesabu, na ukijua mpiganaji aitwaye Jackie Chun ni nani hasa, usimtaje kabla ya wakati wake.

Mashindano ya 22 ndiyo bora kuliko yote kwa maoni yangu, na hapa inafaa kusimamisha picha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale Krillin, rafiki wa Goku, anapopambana na Chiaotzu, ambaye mbinu yake hutegemea vidole vyake. Krillin anamtupia maswali ya hesabu, na Chiaotzu anajikuta akivitumia vidole hivyo kuhesabia. Simamisha, uwaulize vijana nini kitafuata. Mara ya pili ni katika fainali, baada ya Tien Shinhan, mpinzani wa Goku, kuubomoa ulingo wote: wapiganaji wawili wanaanguka kutoka juu, hakuna tena jukwaa la kutua, na atakayetangulia kugusa ardhi ndiye aliyeshindwa. Mshindi simtaji, nawe usimtaje. Kila mmoja atetee jibu lake kwa kanuni zilizoelezwa mwanzoni, kisha uachie picha iendelee.

Mashindano ya 25, yaliyomo katika Dragon Ball Z, mfululizo unaofuata, yanaweza kutazamwa haraka, maana yanakatizwa na mambo mengine na ulingo wenyewe unasahauliwa.

Jambo la mwisho ni umeme. Kila sehemu huchukua chini kidogo ya nusu saa, lakini fainali ya mashindano ya 23, kati ya Goku na Piccolo, imesambaa katika sehemu kadhaa mfululizo hadi ya 148, na kuikata katikati ni kuwanyima watazamaji mvutano wake. Ipange Jumamosi mchana, betri ya sola ikiwa imejaa, au uhakikishe jenereta ina mafuta ya kutosha kabla watu hawajaketi.