Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwona daktari kwa mishipa ya miguu iliyovimba

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda, nayo husukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapotembea, huku vali ndogo zilizomo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zikijifunga ili isiteremke tena. Vali hizo zikilegea, damu hutuama, na mshipa hutanuka na kujipindapinda chini ya ngozi. Ndiyo maana tatizo hili huwaandama wanaosimama siku nzima bila kutembea, kama vile mwalimu, kinyozi au muuza mitumba wa soko la Arua nchini Uganda, na pia wanawake waliozaa mara kadhaa na wale ambao wazazi wao walikuwa nalo.

Kabla ya kupanga safari, hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni tatizo hilo. Katika Uganda mguu hauvimbi kwa sababu moja: kaskazini na Nile Magharibi kuna matende yanayoenezwa na mbu, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon kuna uvimbe unaowapata waliotembea miguu mitupu kwa miaka mingi katika udongo wa volkano, mbali na magonjwa ya moyo na figo. Kwa hiyo jichunguze kwa siku chache na uandike kama umevimba mguu mmoja au yote miwili, kama uvimbe hupungua asubuhi na kuongezeka jioni, na kama ngozi iliyo karibu na kifundo imeanza kuwa nyeusi, kuwasha au kutoa kidonda kisichopona. Hilo la ngozi ndilo lisilofaa kusubiri, ingawa vazi refu la gomesi huwawezesha mama zetu kulificha kwa miaka.

Siku ya kwenda, vaa nguo inayopandishwa kwa urahisi hadi pajani, kwa sababu daktari atataka kuiona miguu ukiwa umesimama. Aliyelala mishipa yake hunywea. Kipimo kinachohitajika zaidi ni ultrasaundi ya mtiririko wa damu, na kwa kipimo hicho cha miguu hakuna haja ya kufunga kula. Chukua dawa zote unazotumia, zikiwemo za uzazi wa mpango na za kupunguza kuganda kwa damu, wala usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mjamzito naye aseme mimba ina miezi mingapi, kwani mara nyingi mishipa hiyo hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua, na matibabu ya kuiziba huahirishwa hadi wakati huo.

Soksi za kubana, zinazovaliwa kusaidia damu ipande, zisinunuliwe kwa kukisia. Mtu mwenye kisukari, au ambaye ateri zake, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, zimekuwa nyembamba, anaweza kuumizwa nazo, hivyo mapigo ya damu ya mguuni hupimwa kwanza, kisha mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu. Huvaliwa asubuhi kabla uvimbe haujaanza.

Uliza mapema hospitali inatoa tiba gani: sindano ya dawa ya kuziba mshipa, kuuchoma kwa leza au kuutoa kwa upasuaji, na uulize kama bei unayotajiwa inajumuisha soksi na kipimo cha marudio. Anayetoka mbali kwenda Kampala atafute ndugu wa kumhifadhi siku chache, maana baada ya tiba hutakiwa kutembeatembea, wala si kukaa kwenye basi mchana kutwa.

Hali mbili hazingoji maandalizi haya. Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu juu ya usawa wa moyo na ukandamize kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda siku hiyohiyo, na kama pumzi inakatika au kifua kinachoma, nenda saa hiyohiyo.