SOMO: Kabati la bibi na sofa mpya kwenye sebule moja

Wakuu, wengi wetu hapa Mwanza tuna kitu cha urithi: kabati la mvule, cherehani ya miguu, kigoda. Tukishanunua sofa ya L, cha zamani kinatupwa stoo kuliwa na mchwa. Vinaweza kukaa pamoja, ila kwa utaratibu.

1. Pima njia kabla ya sebule. Kwa wakazi wa milimani, Isamilo au Bugarika, gari linaishia chini na kabati linapanda mabegani, kati ya mawe. Angalia kama sehemu ya juu inanyanyuka kutoka ya chini. Makabati mengi ya zamani yako hivyo.

2. Kagua wadudu. Ukiona unga laini chini ya vitobo, bado wamo. Litibiwe nje kwanza.

3. Safisha, usikwangue. Hapa ndipo vitu vinapoharibiwa. Fundi ukimwambia tu "nitengenezee", anashika msasa namba 80 na kukwangua mpaka mbao inabaki uchi, halafu vanishi ya kung'aa. Ule weusi wa pale mikono ilipokuwa ikishika ndio thamani yenyewe! Tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kikamuliwe haswa, ukaushe papo hapo. Kisha pakaa mafuta ya kitani (linseed), safu nyembamba, na ufute yanayobaki juu. Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike, maana hujipasha moto yenyewe mpaka yakawaka. Yatandaze nje yakauke. Rangi ya zamani inayobanduka usiipige msasa mkavu. Nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kiungo kikilegea, tia gundi ya mbao, kaza kwa mpira wa tairi la baiskeli, acha usiku kucha. Misumari hapana, inapasua mbao kavu.

4. Panga. Sebule ni kama kaya, mkubwa awe mmoja. Akiwa kabati, sofa iwe ya rangi moja, bila maua. Stendi ya TV yenye karatasi ya kuigiza mninga usiiweke karibu na mninga wenyewe, itaumbuka. Chagua nyeupe au kijivu. Rangi ya kabati irudie mara moja upande wa pili: fremu ya kioo, au kigoda cha Kisukuma. (Anayependa vigoda afike makumbusho ya Bujora, Kisesa. Banda la ngoma za kitemi pale limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.)

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Cherehani yangu ya Singer mashine imekufa, miguu ipo. Niuze chuma chakavu?

Jibu: Usiuze kabisa. Weka ubao mzito au kioo kinene juu, unapata meza ya kona. Funga pedali isicheze, watoto wasibane vidole. Usigonge kwa nyundo: chuma kile ni cha kumiminwa, kinavunjika.

Swali: Niko Kirumba. Stendi ya MDF imevimba chini, meza ya marehemu baba iko vilevile. Kwa nini?

Jibu: MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Maji ya deki yakipenya kwenye kingo inafura, na hairudi. Mbao halisi hufura kidogo, ikikauka inasinyaa. Ijayo iwekee miguu ya chuma ya sm 10.

Swali: Viti vipya vinafaa meza ya zamani?

Jibu: Vinafaa. Kati ya kikalio na uso wa meza ibaki sm 25 hadi 30, la sivyo magoti yatagonga.

Swali: Shikamoo. Mume wangu anataka kupaka rangi nyeupe kabati la mninga la mama mkwe.

Jibu: Marahaba mwanangu. Lingekuwa la paini lenye viraka, ningesema pakeni. Mninga hapana, nyeupe iende ukutani. Na mama mwenyewe ameulizwa?