Rangi ya chungwa kwenye karatasi: kuandaa picha za tangazo la kuchapwa

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilitengeneza kipeperushi cha nyumba ya wageni iliyo upande wa Raskazone, Tanga. Picha ilikuwa ya bahari mchana, maji yametulia, nami nikaikoleza buluu yake mpaka ikapendeza kabisa kwenye kioo cha kompyuta. Vipeperushi 500 viliporudi kutoka kuchapwa, bahari ilikuwa zambarau. Mwenye nyumba alishika kimoja, akakisogeza dirishani, akasema, "Kaka, hii siyo bahari yetu." Uchapaji wa pili niliulipia mwenyewe.

Mashine haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeanza kazi bila kujua itaishia kwenye mashine gani, wino gani na karatasi gani. Tangu siku ile naanzia mwisho: kwanza najua kitakachochapa, ndipo nachagua mfumo wa rangi na aina ya faili. Nitaeleza hatua zangu kwa kazi moja ya kweli, ya mama mmoja wa Ngamiani anayeuza juisi ya machungwa ya Muheza. Alitaka vipeperushi vya A5 na bango la mita 2 kwa 1 la kutundika mbele ya kibanda.

Hatua ya 1: Muulize mchapaji kabla hujafungua programu

Piga simu au nenda mwenyewe. Uliza kazi itapita kwenye ofseti (mashine kubwa inayochapa kwa sahani za wino), mashine ya dijitali au mashine ya mabango. Uliza ni karatasi ya kung'aa au ya kawaida. Uliza wanatumia wasifu gani wa rangi, yaani faili inayoieleza programu rangi ambazo wino na karatasi vinaweza kutoa, na wanapokea faili za aina gani.

Majibu yatatofautiana, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wamesikia kwamba kila cha kuchapwa lazima kiwe CMYK, yaani wino nne: sayani (buluu ya maji), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi. Ofseti ndiyo, inataka CMYK. Lakini mashine nyingi za mabango zina programu yake inayobadilisha rangi yenyewe, na baadhi zina wino wa ziada, kwa hiyo fundi wake anaweza kukuambia umpelekee RGB, rangi za mwanga zinazotumiwa na kioo. Ukimpa CMYK iliyobanwa kwa ajili ya karatasi, umemnyang'anya rangi ambazo mashine yake ingeweza kuzitoa. Kwa kazi ya yule mama nilipata majibu mawili kutoka sehemu mbili: vipeperushi kwa ofseti, CMYK, faili ya PDF, bango kwa RGB, TIFF au JPEG ya ubora wa juu.

Hatua ya 2: Pata picha halisi, kisha uhesabu pikseli

Picha ya machungwa ilinifikia kwa WhatsApp. Ukitumiwa picha kwa njia ya kawaida, programu ile huipunguza, mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli (nukta zinazounda picha) kama 1,600. Kwenye simu utaiona safi. Kwenye karatasi hesabu inasema mengine.

A5 ina milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, unapata 154 kwa 216. Kitu kinachosomwa mkononi kinahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo picha ya kujaza ukurasa mzima inataka pikseli 1,819 kwa 2,551. Ile ya WhatsApp ingetoa kama pikseli 188 kwa inchi, na ngozi ya chungwa ingekuwa ukungu.

Nikampigia: "Mama, shikamoo. Ile picha naomba uitume tena, ila iambatishe kama hati, usiitume kama picha." Ikaja faili kamili jinsi simu ilivyoipiga.

Usijaribu kuiongeza picha ndogo kwa kuandika 300 kwenye kisanduku cha programu. Programu itabuni pikseli ambazo kamera haikuziona. Kwa bango hali ni nafuu kwa sababu mtu hulitazama kutoka mbali: pikseli 100 kwa inchi zinatosha vizuri, yaani 7,874 kwa 3,937 kwa bango la mita 2 kwa 1. Hata picha ya kamera yenye upana wa pikseli 6,000, ambayo hapo hutoa kama 76 kwa inchi, inakubalika likitundikwa juu kando ya barabara.

Hatua ya 3: Hariri kwa RGB, uhifadhi nakala mama

Kamera na simu hupiga kwa RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu za mwanga. Fanya marekebisho yote ya mwanga na kivuli huko huko, ukiwa na rangi nyingi za kuchezea. Hifadhi nakala hiyo na usiiguse tena. Kutoka kwayo ndipo unatoa nakala ya CMYK kwa ofseti na nakala ya RGB kwa bango. Ukishageuza kuwa CMYK, rangi zilizopotea hazirudi kwa kurudisha RGB.

Hatua ya 4: Geuza kwenda CMYK ukiangalia rangi tatu

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Kioo kinatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga, inaurudisha tu, na wino unakula sehemu yake. Sayani, majenta, manjano na nyeusi zikichanganywa haziwezi kufika kwenye buluu, kijani na rangi ya machungwa kali tunazoziona kwenye kioo. Kwenye Photoshop, bonyeza Ctrl+Y uone jinsi itakavyoonekana ikichapwa, kisha Shift+Ctrl+Y, na sehemu zilizo nje ya uwezo wa wino zitafunikwa na kijivu. Kabla ya hapo hakikisha umeweka wasifu aliokutajia mchapaji. Kwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa mara nyingi ni FOGRA39. Ukiiacha programu ijichagulie, huenda ikatumia SWOP, ambao ulitengenezwa kwa ajili ya wachapaji wa Marekani.

Rangi ya kwanza ni buluu, iliyoniponza. Buluu kali ya RGB ikigeuzwa, sayani na majenta hukaribiana, na wino hizo mbili zikiwa sawa jicho linaona zambarau. Iache majenta chini ya sayani kwa angalau asilimia 30. Sayani 100 na majenta 60 ni buluu isiyobishaniwa.

Ya pili ni rangi ya machungwa, roho ya tangazo la mama. Nilipobonyeza Shift+Ctrl+Y, nusu ya glasi ya juisi ilifunikwa na kijivu. Baada ya kugeuza nikapima katikati ya glasi: sayani 12, majenta 55, manjano 96. Ile sayani 12 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoichafua juisi ikafanana na chai ya maziwa. Nikaishusha mpaka 0 kwenye juisi peke yake, nikaacha kidogo kwenye kivuli cha glasi ili umbo lisipotee. Kisha nikaitia giza kidogo meza ya mbao iliyo nyuma. Kwenye juisi wino haukuongezeka hata tone, ila ikawaka, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kulinganisha na jirani yake.

Ya tatu ni nyeusi. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa kwa SWOP inakuwa sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90. Jumla 300. Herufi ndogo ya bei ikichapwa kwa wino zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo tu, pembeni utaona vivuli vya rangi na namba ya simu haisomeki. Maandishi yote yawe nyeusi 100 peke yake. Eneo kubwa jeusi linaweza kupewa 60, 40, 40 na 100 ili liwe jeusi la kushiba. Kwa tangazo la gazeti hakikisha jumla haivuki 240 au kikomo watakachokutajia, maana karatasi ile hunywa wino na hutokeza upande wa pili.

Hatua ya 5: Chagua faili kwa kazi yake

Picha unayoendelea kuifanyia kazi iwe TIFF au faili ya programu yenyewe. TIFF inabeba CMYK, na ukiibana kwa LZW, njia ya kupunguza ukubwa wa faili, hakuna kinachopotea.

JPEG inakubalika kwa picha ya kamera ikihifadhiwa mara moja tu kwa ubora wa juu. Kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, inatupa kitu. Ikuze mpaka uone pikseli: utaona miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, na kuzunguka herufi kutakuwa na vumbi. Ndiyo sababu siweki maandishi ndani ya JPEG kabisa.

PNG haipotezi kitu na ina mandhari wazi, lakini haina CMYK. Iache kwa mitandao. GIF ina rangi 256 tu, haifai hapa. HEIC za iPhone na WebP zibadilishe kuwa TIFF kwanza.

Nembo ni jambo lingine. Hiyo iwe ya vekta, yaani michoro ya mistari inayokuzwa bila kuharibika: AI, EPS au PDF. Mama alikuwa na nembo aliyoikata kwenye picha ya skrini. Nilitumia saa nzima kuichora upya, na nisingekubali kazi iende bila hivyo, kwa sababu nembo ile ile ilikuwa iende kwenye bango pia. Mteja akitaka fulana za kuchapwa kwa skrini (wavu wa kupitishia wino), vekta ni lazima, kila rangi ikiwa peke yake.

Faili ya mwisho ya ofseti ni PDF. PDF/X-1a hulazimisha kila kitu kiwe CMYK au rangi maalumu (wino uliochanganywa tayari) na fonti ziwe ndani. PDF/X-4 ni mpya zaidi na huhifadhi uwazi wa tabaka. Muulize mchapaji, na asipokuwa na la kusema toa X-1a. Kwenye Canva, CMYK ipo kwenye toleo la kulipia.

Hatua ya 6: Prufu, na uitazame nje

Omba prufu, yaani nakala moja ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Usiitazame chini ya taa ya ndani, hubadilisha rangi. Itoe mlangoni, kwenye mwanga wa mchana ulio kivulini.

Tulisimama mlangoni mimi na mama. Alichukua chungwa, akalikata kwa kisu chake cha kazi, akaliweka juu ya picha. Aliangalia kwa muda. "Hapa," akasema, akigusa sehemu ya juu ya glasi, "imepauka kidogo." Alikuwa sahihi. Nikaongeza majenta kwa asilimia 5 pale tu, tukachapa prufu ya pili, naye akaweka saini na tarehe pembeni. Karatasi hiyo niliibandika kando ya mashine, fundi akawa anailinganisha nayo tangu nakala ya kwanza.