Namna ya Kupanga Mazao ya Shamba la Tabora kwa Kusoma Mvua na Udongo Wake

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuisha Aprili, kwa hiyo mkulima aliyepoteza upandaji wake hana vuli wala masika ya kumfidia. Utabiri wa mkoa humsaidia kujiandaa, lakini mvua moja inaweza kulowesha kata ya Isikizya na kuiacha kata ya Ilolangulu kavu, na shamba lenye mteremko huwa na udongo zaidi ya aina moja. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba kila mkulima apime mvua na udongo wa shamba lake mwenyewe, kisha aamue kwa vipimo hivyo.

Hatua ya 1: Soma utabiri kabla ya kununua mbegu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za Msimu kabla mvua hazijaanza. Tafuta humo mambo matatu: mvua zinatarajiwa kuanza lini, zitaisha lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu. Ikiwa mvua zitachelewa au kuisha mapema, chagua mahindi yanayokomaa kwa muda mfupi na uongeze eneo la mtama na muhogo. Utabiri huu hueleza uwezekano tu, hivyo usiuze akiba yote ya mbegu za zao moja kwa kuutegemea.

Hatua ya 2: Tambua udongo wa kila sehemu

Tembea kutoka juu ya mteremko hadi bondeni, na kila udongo unapobadilika chimba hadi sentimita 30, chukua udongo wa kiganja kimoja, uloweshe kidogo na uufinyange. Udongo unaosambaratika ni wa kichanga; unaofanya tonge lakini ukikunjwa unakatika ni tifutifu; unaovingirishwa kuwa uzi mrefu na kupindwa bila kukatika ni wa mfinyanzi. Juu ya mteremko wenye kichanga weka karanga, muhogo na viazi vitamu. Tifutifu upe mahindi. Mbuga nyeusi ya bondeni, yenye udongo wa mfinyanzi, ifanye majaruba ya mpunga. Sehemu zenye vichuguu vya mchwa ziandike kando, kwa kuwa mara nyingi zina rutuba kuliko udongo unaozizunguka.

Hatua ya 3: Chukua sampuli ya maabara

Katika kila sehemu, chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka mahali 15 hivi ukitembea kwa kupinda huku na huku. Epuka vichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa masalia, maana hapo majibu yatapotosha picha ya shamba zima. Changanya vizuri, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo kwenye maabara ya udongo. Afisa ugani wa kata atakuelekeza ilipo. Ukijibiwa kwamba pH, yaani kipimo cha tindikali, iko chini ya 5.5, udongo una tindikali ya kuzuia mahindi kupata fosforasi, na chokaa ya kilimo ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mbolea ya fosfati ya Minjingu pia hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali kuliko usio nayo.

Hatua ya 4: Pima mvua shambani

Kopo lenye pande zilizonyooka, lililofungwa juu ya nguzo mbali na miti na paa, pamoja na rula, vinatosha. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga maji. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba.

Hatua ya 5: Amua siku ya kupanda

Hapa ndipo wengi huharakishwa na mvua ya kwanza, ambayo hulowesha vumbi la juu tu. Mimi hupanda mahindi pale kopo linapokusanya angalau milimita 20 ndani ya siku tatu na jembe likaonyesha unyevu uliofika sentimita 15 au zaidi, mradi utabiri wa siku kumi zijazo usitangaze ukavu.

Kisha hesabu mbele. Udongo wa kichanga huhifadhi takriban milimita 80 za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita ya kina, na tifutifu huhifadhi karibu milimita 150. Mizizi ikifika nusu mita, kichanga kina milimita 40 na tifutifu milimita 75. Mahindi yanayotoa mbelewele na ndevu hutumia kama milimita 5 kwa siku, hivyo akiba ya kichanga huisha kwa siku nane na ya tifutifu kwa siku kumi na tano, na mimea huanza kuteseka kabla haijaisha. Ukavu wa siku kumi ambao jirani mwenye tifutifu anauvumilia unaweza kukuacha wewe wa kichanga na magunzi matupu. Ndiyo maana ninashauri upande mahindi ya kichanga kwa mafungu mawili yanayopishana wiki moja au mbili, ili yasichanue yote katika siku zilezile, na uzibe mifereji kati ya matuta kwa vizuizi vya udongo kila baada ya hatua chache ili maji yazame yasikimbie.

Hatua ya 6: Gawa mbolea kwa kufuata mvua

Kwenye kichanga, naitrojeni huzama chini ya mizizi mvua kubwa inaponyesha, kwa hiyo mbolea ya kukuzia igawe mara mbili, uiweke udongo ukiwa na unyevu na baada ya palizi, kisha uifukie. Kopo likionyesha siku saba bila mvua, subiri. Samadi na masalia yaliyofukiwa ndani ya matuta huongeza uwezo wa kichanga kushika maji, na hii ni kazi ya miaka, si ya msimu mmoja.

Hatua ya 7: Andika mavuno kwa kila sehemu

Baada ya kuvuna, andika magunia ya kila sehemu kando ya tarehe za kupanda, mvua za kila wiki na aina ya mbegu, kwenye daftari lilelile la kopo. Utabiri wa msimu unaofuata utakapotangazwa, tafuta katika daftari hilo mwaka uliofanana nao kabla ya kwenda dukani.