RAM ya DDR4: kasi, taimingi na joto la Tanga

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Ngamiani zina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, DDR4 ni kizazi chake kimojawapo) iliyoandikwa 3200 lakini inakwenda 2133, yaani mara milioni 2133 za kupitisha data kwa sekunde. Mwenyewe kaichomeka, ikawaka, akaridhika. Hatua ya kwanza basi haina ufundi: ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows), tafuta XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe (mazabodi nyingine, yaani bodi kuu za kompyuta, huuita DOCP), iwashe, hifadhi, toka. Wateja wengi naishia nao hapo, na kubonyeza kitufe kimoja simtozi mtu.

Ukitaka zaidi ya hapo, nakili kwanza mafaili yako kwenye diski nyingine. RAM isiyotulia haizimi mashine tu, inaharibu faili kimyakimya.

Hatua ya 2, piga hesabu kabla ya kugusa kitu. Taimingi ni namba za kungoja za RAM, na kuu ni CL: idadi ya mizunguko ambayo prosesa inangoja tangu kuomba data mpaka RAM ianze kuitoa. Watu wa Tanga na baiskeli zetu tunalielewa hili upesi: anayekanyaga mizunguko 18 mbiombio na anayejivuta kwa 16 wanaweza kumaliza pamoja. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, jibu ni nanosekunde. 3200 yenye CL16 inatoa 10. 3600 yenye CL18 inatoa 10 vilevile, ila inapitisha megabaiti 28,800 kwa sekunde kila chaneli badala ya 25,600. Ukiipata 3600 kwa CL16, kungoja kunashuka hadi 8.9. Muuzaji akikutajia namba moja, muulize ya pili.

Hatua ya 3, kasi. Acha volteji kwenye 1.35, ambayo XMP nyingi za DDR4 huiweka zenyewe. Legeza CL iwe 20, tRCD na tRP (taimingi za kufungua na kufunga safu za data ndani ya RAM) ziwe 22, kisha panda kidogokidogo: 3333, 3466, 3600. Kwa prosesa za AMD Ryzen za mezani za 3000 na 5000 mimi husimama 3600. Ukivuka sana hapo, kidhibiti cha kumbukumbu (sehemu ya prosesa inayoongea na RAM) huanza kwenda nusu ya kasi ya RAM, na muda uliouokoa unapotea.

Hatua ya 4, kaza. Namba moja kwa safari moja: CL 18, jaribu, CL 16, jaribu. Halafu tRCD, halafu tRP. tRFC, muda wa RAM kujaza upya chaji zake, iache otomatiki mpaka nyingine zitulie.

Isipowaka, usihangaike. Mazabodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha hurudi zenyewe kwenye mpangilio wa mwanzo. Ikigoma kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 dakika chache, irudishe.

Hatua ya 5 ndiyo iliyoniumbua. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache imalize raundi zote 4, na uifanye mchana. Mashine moja niliijaribu usiku, feni inavuma, ikapita safi. Kaskazi ilipokolea, mwenyewe akawa anahariri video ya harusi saa nane mchana, chumba cha bati, skrini ya bluu. Chaji ndani ya chipu za RAM huvuja haraka zaidi zikipata moto, na taimingi nilizokaza hazikuacha nafasi. Nilirudisha CL 18, nikaongeza feni ya mbele, nikaurudia mtihani saa nane ileile, madirisha yamefungwa.